Muchele: bei ikipanda inakimbia, ikishuka inatembea



Katika nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, bukari njo chakula cha kila siku, na hakuna mutu atabadilisha ile. Lakini muchele nao umeingia mu nyungu. Watoto wanaukula mbele ya kwenda ku masomo, mutumishi wa posti ya usiku anaubeba mu gameli, na siku ya ndoa ao ya matanga hauwezi kukosa. Kwa hiyo, wakati bei ya muchele inatikisika, familia ya mutu wa mine inasikia mbio. Leo tunataka kuonyesha bei ile inatoka wapi, nani anaishika mu mukono, na tunaweza kungojea nini kwa miaka inayokuja.

Mulango wa India

Tuanze mbali, juu bei yenyewe inaanza mbali. India njo inauzisha muchele mingi kupita inchi zote: ku kila kilo 100 zinazopita ku soko ya dunia, karibu kilo 40 ni zake. Nyuma yake kuko Thailand, Vietnam na Pakistan. Tarehe 20 mwezi wa saba, mwaka 2023, Serikali ya India ilifunga mulango: ikakataza kutosha muchele mweupe wa kawaida. Mwezi uliofuata ikaweka kodi ya 20% juu ya muchele ule wanachemusha mbele ya kuukoboa. Sababu yake inaeleweka. Ulikuwa mwaka wa El Niño, India iliogopa mvua haitatosha, na haikutaka watu wake wanunue chakula kwa bei kali. Lakini dunia nzima ilisikia. Mwanzo wa mwaka 2024, tani moja ya muchele wa Thailand ao wa Vietnam ilipita dolari 600.

Mutu wa mine anaweza kuelewa jambo hili kupita wengine. Tarehe 22 mwezi wa pili, mwaka 2025, Serikali yetu ilisimamisha kutosha kobalti, juu bei yake ilikuwa imeanguka sana. Mwezi wa kumi ikafungua tena, lakini kwa kipimo: kwa mwaka 2026, tani 96,600, hapana zaidi. Congo inatosha zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Njo maana ikifunga, wanunuzi wote wanageuza macho kwetu. Kile siye tulifanya na kobalti, India ilikifanya na muchele. Tofauti ni moja tu: mwenye kutengeneza betri anaweza kungojea, lakini tumbo haingojee.

Kiisha mulango ukafunguka. Mwezi wa tisa 2024 India iliruhusu tena muchele mweupe, na mwezi wa tatu 2025 ikaruhusu hata ule wa kuvunjika, ule wa bei ya chini. Mavuno yake yalikuwa makubwa na depo zake zilijaa. Mu mwaka 2025 bei ya Asia ilianguka, tani moja ikashuka chini ya dolari 400.

Tufanye hesabu pamoja. Tani moja inatosha mifuko 40 ya kilo 25. Kwa dolari 600, mufuko mumoja ku bandari ya Asia ni dolari 15. Kwa dolari 400, ni dolari 10. Kwa hiyo, kati ya mwanzo wa 2024 na mwaka 2025, kila mufuko ulipunguka dolari 5 ao zaidi mbele ya kupanda mu mashua. Kila baba na mama wa nyumba anaweza kujiuliza: zile dolari 5, zilifika ku soko yetu? Zote, ao nusu, ao hata moja haikufika? Ni vizuri kuuliza, juu bei ya muchele iko na tabia hii: ikipanda inakimbia, ikishuka inatembea na miguu. Mwenye depo akisikia bei imepanda, anapandisha hata muchele ule alinunua zamani. Akisikia imeshuka, anasema: "Ngojeni kwanza niuzishe ule wa bei kali."

Njia ni ndefu

Watu wanasema "soko ya muchele ya Congo" sawa vile soko ni moja. Kwa kweli ziko soko nyingi, na hazisikilizane. Kinshasa inakula muchele unaopita Matadi, na ule unaoshuka na mutoni toka Bumba. Kalemie inapokea wa Tanzania, unaovuka Tanganyika toka Kigoma. Siye wa Katanga ya zamani, Haut-Katanga na Lualaba, tunangojea ule unaopanda toka Dar es Salaam, ao toka Durban kule Afrika ya Kusini. Bei ya Kinshasa inaweza kushuka, na hapa kwetu hakuna kitu kinatikisika.

Toka Dar es Salaam mpaka Lubumbashi ni karibu kilometa 2,000. Kamyo inapita Mbeya, inavuka ku Tunduma, inakata Zambia, kiisha inafika Kasumbalesa. Pale njo muchele na shaba vinakutana: kamyo za shaba zinashuka, za chakula zinapanda, na zote zinangojea mu mulolongo mumoja. Kila siku kamyo inalala ku mupaka, shofere anakula, mwenye kamyo anahesabu, na mwenye muzigo atalipa. Kiisha kuko dwane, kuko karatasi za kila namna, kuko vizuizi vya njiani. Hakuna hata moja ya zile feza inabakia juu ya mwenye biashara. Zote zinashuka mu meka ya mama wa soko, na toka mu meka zinaingia mu nyungu yetu.

Na mupaka unaweza kufungwa. Mwezi wa nane 2024, Zambia ilifunga Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku kidogo, juu ya ugomvi uliozaliwa na katazo letu la kuingiza bia na limonade. Zilikuwa siku kidogo tu, lakini zilitosha kuonyesha kama chakula chetu kinapita ku mulango mwembamba.

Dolari na franka

Jambo la tatu ni feza. Muchele wa inje unanunuliwa na dolari. Mu miezi ya mwisho ya 2025, franka yetu ilipata nguvu: dolari moja iliyokuwa karibu franka 2,800 ilishuka chini ya 2,500. Wengi walifurahi, na ilikuwa haki yao. Lakini tuangalie vizuri.

Tuseme mutumishi mumoja mushahara wake unahesabiwa mu dolari, na anapata 300. Dolari ikiwa 2,800, anapata franka 840,000. Dolari ikiwa 2,400, anapata 720,000. Anapoteza franka 120,000. Kama bei ya vitu vya inje inashuka kwa kipimo kile kile, hapotezi kitu: mufuko wa dolari 20 uliokuwa franka 56,000 unapashwa kuwa 48,000. Lakini kama ku soko wanabakisha 56,000, ule mufuko umepanda bei, hata kama hakuna mutu alibadilisha namba. Ni mupando wa kimya. Mutu wa mine ambaye hahesabu ataona mushahara haufiki mwisho wa mwezi, na hatajua mwizi alipita wapi.

Kwa hiyo shauri letu ni hili: ulizeni bei mu feza mbili. Mutu akisema bei mu franka, muigawe na bei ya dolari ya siku ile. Mukifanya vile kila mwezi, mutajua kama muchele umepanda kweli, ao kama ni franka tu inacheza.

Muchele wetu wenyewe

Watu wengine wanafikiri muchele ni chakula cha wageni. Hapana. Mupunga uko Maniema zaidi ya miaka 100. Wafanya biashara waliotoka Zanzibar na pwani walikuja nao mu karne ya 19, wakaupanda ku Nyangwe na Kasongo. Walikuja na mbegu mu mufuko, na lugha hii ya Kiswahili mu kinywa. Toka siku zile, watu wa Maniema wanalima mupunga sawa vile siye tunalima mahindi. Kuko tena Tshopo, kuko Mongala upande wa Bumba, na kule ku bonde ya Ruzizi, Sud-Kivu. Ku Yangambi, kisha mwaka 1933, wenye elimu ya mashamba wanatafuta mbegu nzuri za mupunga. Leo ile kazi iko mu mikono ya INERA.

Basi tunakosa nini? Tunakosa vitu viwili. Cha kwanza ni mavuno. Hektari moja ya kwetu, ile inayongojea mvua tu, inatosha karibu tani 1 ya mupunga. Kule Vietnam, ambako wanatawala mayi mu mifereji na kutia mbolea, hektari moja inatosha karibu tani 6. Na mupunga haujawa muchele bado: ukipitisha kilo 100 mu mashini ya kukoboa, unapata karibu kilo 60 ao 65. Mashini ikiwa mubaya, muchele unavunjika, mawe yanabakia ndani, na mama wa muji anachagua ule wa Asia juu ni safi.

Cha pili ni njia. Reli toka Kindu mpaka Lubumbashi iko: inapita Kongolo, Kabalo na Kamina. Kipande cha mwisho, kile cha kuunga Kabalo na Kamina, kilifunguliwa mwaka 1956. Lakini leo treni ni kidogo na hazina saa. Mulimaji wa Kasongo anaona mupunga wake unalala, na siku mwenye kununua anafika, anakubali bei yoyote. Wakati ule ule, siye tunalipa muchele uliovuka bahari. Ni kama nyumba moja ambamo mutoto mumoja iko na chakula, mwingine iko na njaa, na katikati yao mulango umefungwa. Vita ya mashariki nayo iliongeza shida: Goma ilianguka mwezi wa kwanza 2025, Bukavu mwezi wa pili, na njia nyingi za biashara ya Kivu zilikatika.

Tungojee nini?

Kwa siku hizi, Asia iko na muchele mingi. Kama mvua ya India inanyesha vizuri kati ya mwezi wa sita na wa tisa, hatuoni sababu ya bei ya dunia kuruka. Lakini mwaka mumoja wa ukame unatosha kufunga mulango tena. Wenye kusikiliza habari, wasikilize na za mvua ya India: zinahusu nyungu yetu.

Ku upande wa njia, macho iko ku Lobito. Reli ya Angola, karibu kilometa 1,300 toka bahari mpaka mupaka wetu, imeanza kushusha shaba. Kipande chetu, toka Dilolo mpaka Kolwezi, kingali muzee. Siku kitatengenezwa, Kolwezi itakuwa na mulango wa pili, na treni inayoshuka na shaba itaweza kurudi na chakula.

Kuko tena jambo la kodi. Congo iliingia mu Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2022. Ile Jumuiya iko na kodi kali ya 75% juu ya muchele unaotoka inje yake, hata kama inchi zingine zinaomba ruhusa ya kulipisha kidogo. Siku Congo itaifuata, muchele wa Asia utapanda, na wa Tanzania utapata nguvu. Ni vizuri kwa mulimaji wetu, kama tu njia yake imefunguliwa mbele. Kama hapana, ni siye tutalipa.

Na hapa mutu wa mine iko na neno la kusema. Kodi ya mine ya 2018 inaomba kila kampuni inayotosha madini kuweka 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoikaa karibu. Mu makomite ya ile feza, watu wanaomba masomo, visima na nyumba za dawa, na wanafanya vizuri. Lakini nani aliomba mashini ya kukoboa mupunga? Nani aliomba mifereji mu mabonde ya Lualaba na Lufira? Wakati wa gavana Moïse Katumbi, makampuni ya mine yaliombwa kulima hektari 500 kila moja. Kwa hiyo hatuombi jambo geni.

Ku nyumba, kuko kitu tunaweza kufanya kesho asubuhi. Mwenye kununua kwa meka analipa bei ya juu kupita wote, juu kila mukono uliopitisha mufuko umekata faida yake. Familia tano za likelemba moja zikiweka feza pamoja ku siku ya mushahara, zinunue mifuko ku depo na kugawana kwa kilo, zinapata ile faida wenyewe. Ba mama wengi wanajua hesabu hii. Ba papa nao waijifunze, mbele bahasha ya mushahara haijafunguliwa.