Kukomaa Si Kuiva

Leo nataka tufikiri juu ya maneno mawili ambayo mara nyingi twayachanganya: kukomaa na kuiva.

Mkulima wa ndizi ajua tofauti yake. Ndizi changa ina kingo kali. Ikikaa mgombani hunenepa na kujaa, na ndani yake huweka wanga. Huko ndiko kukomaa, nako huchukua kama miezi mitatu tangu ua litokeze, na penye baridi huzidi. Ndipo mkungu hukatwa ungali wa kijani, ukavundikwa shimoni. Ndizi zenyewe hutoa hewa iitwayo ethilini. Hewa hiyo ikifungiwa humo huzihimiza ndizi kuiva, na ule wanga hugeuka sukari. Siku chache zatosha.

Basi, kuiva kwaweza kuharakishwa, kukomaa hakuwezi. Ukivundika ndizi changa, huenda ganda likawa manjano na nyama ikalainika, lakini utamu ni haba, kwa maana hakikuwekwa kitu cha kutosha kugeuka utamu.

Nami nimelifanya kosa hilo, si kwa ndizi bali kwa mtu. Kijana mmoja aliokoka katika mtaa wangu, akashuhudia kwa moto mwingi. Kabla ya miezi mitatu kupita, nilimfanya kiongozi wa vijana na kumkabidhi sanduku la fedha. Niliona rangi ya manjano, nikadhani ni utamu. Fedha zilipopungua aliona haya, akaacha kuja kanisani. Watu walimlaumu yeye. Mimi namjua aliyekata mkungu mapema.

Bwana wetu mwenyewe hakuharakishwa. Kwa hesabu ya Luka, alikuwa wa miaka kama 30 ndipo akaanza kazi yake. Miaka ile ya Nazareti haikupotea.

Mzazi, je, wamvundika mtoto wako? Wazee wa kanisa, je, twawatwika wachanga mizigo kwa sababu sisi tumechoka kuibeba? Nawe uliyeokoka juzi, usione aibu kukaa bado mgombani.

Yule kijana nilimwendea nyumbani, nikamwomba msamaha. Hajarudi bado. Safari hii nitangoja.

Na tuombe. Ee Bwana, utupe subira ya mkulima, na uwarudishe wale tuliowakata kabla ya wakati wao. Amina.