Kutoa, Kunasa, Kuhifadhi na Kupima: Istilahi za Hewa ya Ukaa

Wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali hukutana mara kwa mara na maandishi yahusuyo hewa ya ukaa: mikataba ya misitu, mihtasari ya masomo, na taarifa za asasi za utafiti za nchi za nje. Makala hii yakusudia kueleza dhana nne zilizo msingi wa maandishi hayo, na kuonyesha kwa nini kila moja yastahili neno lake. Maneno tunayo, tatizo ni kwamba twayachanganya.

Tuanze na kutoa. Sentensi "Mtambo huu unatoa hewa ya ukaa angani" yaweza kufahamika kwa namna mbili zinazopingana. Mmoja atafahamu kwamba mtambo unaimwaga hewa hiyo angani; mwingine, kwamba unaichukua kutoka angani, kama mtu atoavyo maji kisimani. Kiambishi -ni hakituelezi kama kitu kinakwenda au kinatoka, na kitenzi kutoa chakubali maana zote mbili. Katika mazungumzo muktadha hutuokoa. Katika taarifa ya kitaalamu huenda usituokoe, kwa sababu kazi zote mbili hufanywa. Twapendekeza, basi, kutoa na utoaji vitumike kwa hewa inayokwenda angani tu, na kuondoa na uondoaji kwa hewa inayochukuliwa kutoka angani.

Dhana ya pili ni kunasa. Katika viwanda vingi, hewa inayonaswa hukamatwa ndani ya bomba la moshi kabla haijafika angani. Huko Mongstad, Norwei, kipo kituo kilichofunguliwa mwaka 2012 kwa ajili ya kujaribia mbinu za kazi hiyo. Moshi hukutanishwa na kimiminiko chenye kemikali ziitwazo amini, nazo huishika hewa ya ukaa. Kisha kimiminiko hupashwa moto, hewa ikaachana nacho na kukusanywa peke yake. Kiwanda kifanyacho hivyo hakijapunguza hata chembe ya hewa iliyokwisha kuwamo angani; kimezuia nyongeza tu. Mfasiri aandikapo kwamba "kimeondoa" hewa ya ukaa, amekipa sifa isiyo yake. Ipo pia mitambo inasayo hewa ya ukaa moja kwa moja kutoka angani. Hiyo ndiyo iwezayo kuitwa ya uondoaji, mradi kilichonaswa kihifadhiwe kisirudi.

Hapo twafikia dhana ya tatu. Neno hifadhi hutukumbusha mbuga za wanyama, na ghala hutukumbusha mahindi yatakayotolewa baadaye. Kwa hewa ya ukaa, lengo ni kwamba isitoke tena. Mfano mashuhuri ni Sleipner, katika Bahari ya Kaskazini. Norwei ilianza kutoza kodi ya hewa ya ukaa mwaka 1991, na tangu mwaka 1996 hewa iliyotenganishwa na gesi asilia ya kisima hicho imekuwa ikisukumwa katika tabaka la mawe ya mchanga yenye maji ya chumvi, kina cha mita 800 hadi 1,000 hivi chini ya bahari. Kwa miaka mingi kiasi kilikuwa karibu tani milioni 1 kwa mwaka. Watafiti, wakiwamo wa taasisi ya taifa ya jiolojia ya Uingereza iliyoasisiwa mwaka 1835, wamechunguza mahali hapo kwa mawimbi ya sauti yarushwayo kutoka melini, ili kujua hewa imeenea wapi. Ndiyo maana hatupendekezi kufukia: kinachofukiwa aghalabu husahauliwa, na hiki hakiruhusiwi kusahauliwa. Yatosha kusema uhifadhi wa ardhini, ili usichanganywe na uhifadhi wa misitu.

Dhana ya nne ni kupima. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari nalo lataka maneno yaliyo sawa. Mwaka 1958 Charles David Keeling, wa asasi ya Scripps ya Marekani, alianza kupima hewa ya ukaa katika mlima Mauna Loa, Hawaii. Wakati huo ilikuwa sehemu 315 hivi katika kila sehemu milioni za hewa. Mwaka 2024 zilizidi 420. Maabara ya taifa ya fizikia ya Uingereza, iliyoko Teddington, nayo hupima gesi zitokazo viwandani kwa miali ya leza. Huko ni kupima hasa.

Msituni mambo ni mengine. Hakuna auwekaye mti uliosimama katika mizani. Mtaalamu hupima unene wa shina, kwa kawaida mita 1.3 kutoka ardhini, pengine na urefu wa mti, kisha hufanya hesabu. Shina limepimwa, kaboni imekadiriwa. Tofauti hii yahusu haki za watu. Kijiji kinachoambiwa kwamba kaboni ya msitu wake "imepimwa" hakitaona cha kuuliza. Kikiambiwa "imekadiriwa", kitauliza imekadiriwa kwa hesabu gani. Wataalamu wa kujibu swali hilo tunao nchini, kwa mfano katika kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro.

Mwisho, kaboni si hewa ya ukaa. Kaboni ikiungana na oksijeni, kila gramu 12 huwa gramu 44 za hewa ya ukaa. Hivyo tani 100 za kaboni ni sawa na tani 367 hivi za hewa ya ukaa. Mkataba ukitaja bei ya kila tani ya hewa ya ukaa, na mfasiri akaandika "tani ya kaboni", msitu wenye tani 367 za kulipiwa waweza kuhesabiwa kuwa na tani 100 tu. Kosa la neno moja litakuwa limekula zaidi ya theluthi mbili ya malipo.

Twawaomba wasomaji wazijaribu istilahi hizi madarasani na maofisini, na watuletee maoni yao, hasa pale watakapoona neno halikidhi haja.