Mabati Manane na Sungura wa Shangazi

Februari mwaka jana shangazi yangu wa Kasulu alinitumia ujumbe wa sauti. Mvua ilikuwa inanguruma nyuma yake hadi nusu ya maneno sikuyasikia, ila kilio kilieleweka. Sungura wake, aliowaanza na jike mmoja na dume mmoja ili wajukuu wapate cha kufuga, walikuwa wanapukutika. "Baridi inawamaliza, baba. Tuma hela ya mabati." Nikatuma. Yakanunuliwa mabati manane, nyasi za zamani zikaezuliwa, na turubai likazungushwa pande zote ili upepo usipate pa kupita. Mwezi haukuisha, wakafa wengine wanne.

Tulipopigiana simu ya video, binamu yangu aliingia nayo bandani. Asubuhi hiyo hapakuwa na mvua, lakini chini ya bati matone yalikuwa yamejipanga mstari, yakidondoka moja moja kwenye migongo ya sungura.

"Shangazi, paa linavuja."

"Halivuji, baba. Hilo ni jasho la bati."

Sisi tuliopita Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996, au Nduta kule Kibondo, tunalijua jasho hilo. Ukilala chini ya turubai, pumzi za watu hupanda, zikagusa plastiki iliyopoa, na alfajiri zinakurudia usoni kama manyunyu. Kumbe kwa hela zangu nilikuwa nimewajengea sungura hema la wakimbizi.

Baridi ya kwetu ni ya namna mbili

Ukitoka Kigoma mjini, kwenye joto la ziwa, ukapanda kuelekea Kasulu na kuendelea hadi Kibondo, unaingia nchi ya vilima iliyo juu ya mita 1,000, na sweta linaanza kutafutwa. Mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Baadaye huja kiangazi, ambapo mchana ni jua na vumbi, ila usiku wa Juni na Julai watu huota moto.

Sungura akiwa mkavu, usiku wa Julai haumtishi. Joto la mwili wake ni kati ya nyuzi 38.5 na 40, na chini ya manyoya marefu ana manyoya mengine mafupi, laini, yaliyosongamana. Hewa iliyonaswa humo ndiyo blanketi lake. Joto ndilo linalomsumbua zaidi: likizidi nyuzi 30 huanza kuhema na kujinyoosha sakafuni.

Manyoya yakilowa, hewa ile hutoka na maji huchukua nafasi yake. Ndiyo maana usiku wa masika wenye nyuzi 17 unaweza kumuua sungura ambaye angevuka salama usiku mkavu ulio baridi kuliko huo.

Kufunga banda pande zote

Kosa letu la pili lilikuwa turubai. Mkojo wa sungura hutoa amonia, na banda lisilopumua huihifadhi. Ukiinamisha kichwa ndani macho yakakuwasha, ujue mapafu ya sungura yanaungua usiku kucha. Hapo ndipo mafua huingia. Tazama miguu ya mbele, upande wa ndani: sungura mwenye mafua hujifutia pua hapo, na manyoya huwa yamegandamana kwa kamasi. Mtenge mapema na umwite mtaalamu wa mifugo wa kata.

Unyevu huleta pia kuhara. Vimelea vya kokisidia hutoka na kinyesi, hukomaa kwenye matandiko yenye majimaji, kisha huliwa tena. Wanaoangamia zaidi ni watoto walioachishwa kunyonya karibuni.

Banda linalofaa

Liwe juu ya miguu, kimo cha kiuno cha mtu mzima. Kuta tatu zizibwe kwa mbao au matofali, na mgongo wa banda uelekee kule upepo unakotoka. Upande wa mbele uwe wavu, na turubai la kuteremsha mvua inapopiga, kisha kulipandisha ikikatika. Paa litokeze nusu mita mbele ya wavu. Nyasi bado ni paa bora kuliko yote: hazitoi jasho, na adhuhuri hazichomi. Kama mabati umeshanunua, yaezeke nyasi juu yake, na utandaze mkeka au mianzi chini yake.

Sakafu ya mianzi iliyopasuliwa hupitisha mkojo na mavi, lakini acha kona moja yenye ubao mzima wa kulalia. Miguu ya banda iwekwe kwenye makopo yenye oili chafu, kwa sababu masika ni msimu wa siafu, na siafu hawaachi kitu kwenye kiota.

Matandiko ni nyasi kavu, mabua yaliyopondwa au makapi ya maharage, ambayo Kasulu hayakosekani. Yakinuka ukungu, yatupe. Ukitaka kujua kama yafaa, chomeka kiganja chini kabisa, ukandamize na uhesabu hadi kumi. Kiganja kikitoka na unyevu, ondoa yote. Usiongeze makavu juu ya yaliyolowa.

Malisho nayo yana maji. Matembele na magugu yaliyokatwa na umande yatandazwe kwanza barazani yanyauke. Yakiliwa yanachuruzika, tumbo hujaa gesi.

Jike akianza kujinyonyoa

Mimba ya sungura ni siku 31 hivi. Siku moja au mbili kabla ya kuzaa jike hubeba nyasi mdomoni na kujinyonyoa manyoya ya kifua na tumbo ili atandike kiota. Mpe sanduku la urefu wa sentimita 40 hadi 50 na upana wa 30, lenye matobo madogo chini. Watoto huzaliwa uchi na vipofu. Macho hufunguka karibu siku ya kumi. Mama huwanyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, kwa dakika chache, kwa hiyo usidhani amewatelekeza.

Lakini jambo moja hataliweza. Paka humbeba mwanawe kwa shingo akamrudisha. Sungura hafanyi hivyo. Mtoto akiburutwa nje akiwa bado kwenye chuchu, atapoa hapo hapo alipo, mama akiwa hatua moja tu kutoka kwake. Basi kila alfajiri kagua. Ukimkuta wa baridi, mpashe joto kifuani mwako hadi ajinyonganyonge kwenye kiganja, kisha umrudishe katikati ya wenzake.

Kwa watoto wetu wa huku

Kwa familia zetu za huku Marekani na Kanada, za Boise, Fargo na Winnipeg, ambazo watoto wao wana sungura uani, kanuni ni ile ile: juu ya ardhi, pakavu, pasipopigwa na upepo, penye hewa. Theluji ikipeperushwa ndani huyeyuka kwenye manyoya, na hapo umerudi kwenye masika. Kinachoongezeka ni maji ya kunywa: huganda, kwa hiyo badilisha asubuhi, mchana na jioni, kwani sungura asiyekunywa huacha kula. Nyasi kavu ziwe nyingi mara mbili, za kulalia na za kula, maana tumbo linalosaga ndilo jiko lake. Baridi ikizidi, mhamishie gereji isiyowashwa gari, na umwache humo hadi msimu upite. Kumtoa kwenye theluji, kumlaza karibu na hita, kisha kumrudisha nje usiku, ni kumtesa.

Shangazi aliezeka nyasi juu ya mabati yangu na kukunja turubai la mbele. Kisha akagundua tatizo jingine: katikati ya Machi, nyasi kavu za kutandika utazipata wapi? Hukatwa Juni, zikaanikwa, zikahifadhiwa darini hadi mvua zirudi.

Juni hii ameniletea ujumbe mwingine wa sauti. Safari hii nilimsikia vizuri, kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na upepo mkavu tu. Anaomba hela ya fyekeo.