Heki: Samaki Aliyenusurika kwa Uhuru

Msomaji mpenzi, mtajie mvuvi wetu changu, tafi au nguru, naye atakueleza nasaba yake yote mpaka mwamba alalapo. Lakini mtajie heki, atakutumbulia macho. Wala si lawama juu yake, kwani samaki huyo hayawezi maji yetu ya vuguvugu. Makao yake ni bahari ya baridi ya Namibia na Afrika Kusini.

Heki ana mwili mrefu wa rangi ya fedha, kinywa kipana na meno makali. Mchana hukaa karibu na sakafu ya bahari, na usiku hupanda juu kutafuta riziki. Wako wa aina mbili: mmoja wa kina cha kadiri, na mwingine wa kina kirefu, hata kupita mita 500. Hawana huruma wao kwa wao, mkubwa humla mdogo. Ama nyama yake ni nyeupe na laini, ndiyo sababu Wahispania, ambao humwita merluza, humhusudu mno.

Je, wingi wake watoka wapi? Katika mkondo wa Benguela, upepo wa kusini huyasukuma maji ya juu mbali na pwani, na maji ya chini, yenye baridi na rutuba, hupanda kushika mahali pake. Hapo vijimea humea, vidudu na dagaa hupata chakula, naye heki huwala hao. Ajabu ya Mola ni kwamba bara ya pwani hiyo ni jangwa la Namib. Nchi kavu tupu, bahari tele!

Lakini penye urembo ndipo penye urimbo. Namibia ilikuwa mikononi mwa Afrika Kusini, na mwaka 1966 Umoja wa Mataifa uliifuta idhini ya utawala huo. Basi dunia haikumtambua aliyejiita mwenye nyumba, na wenyewe hasa hawakuwa na kauli. Meli za Hispania, za Urusi ya wakati huo na za mataifa mengine zikavua zitakavyo. Mwaka 1972 heki waliovuliwa walipita tani 800,000. Hata bahari ina kiasi chake. Miaka iliyofuata nyavu zilianza kurudi nyepesi.

Tarehe 21 Machi 1990 Namibia ilipata uhuru. Miongoni mwa mambo ya mwanzo, serikali mpya ilitangaza kuwa maili 200 za bahari ni zake, ikazitaka meli za kigeni ziondoke. Nyingi ziliondoka. Baadhi zilidhani nchi changa isiyo na manowari haina la kufanya. Zilikosea! Mwaka huo huo meli tano za Hispania zilikamatwa, na mwaka 1991 nyingine ilikamatwa kwa askari walioshushwa juu yake kwa helikopta. Mahakama ziliwatia hatiani manahodha, na meli zikataifishwa.

Tena wenyewe nao walijifunga kwa sheria. Kila mwaka hupimwa kiasi cha kuvuliwa, na nyavu za kukokota hazina ruhusa katika maji yasiyofika kina cha mita 200, ili samaki wachanga wakue. Na heki wa Namibia leo si wa kupakiwa tu. Katika bandari za Walvis Bay na Lüderitz kuna viwanda ambamo Wanamibia wenyewe humkata na kumfungasha kabla hajasafirishwa. Mwaka 2020 uvuvi huo ulipata cheti cha kimataifa cha uvuvi usiomaliza samaki.

Simwelezi msomaji haya ili amtamani samaki wa mbali. Kenya nayo ilitangaza maili 200 za bahari yake mwaka 1979, lakini kutangaza ni jambo moja na kulinda ni jingine. Mvuvi wa ngalawa hafiki mbali, na asipofika yeye, yuko wa kufika. Namibia ilianza bila manowari, lakini haikuanza bila nia.

Mali isiyo mlezi, huwa ngawira njiani,
Hujazana wachukuzi, wakapakia melini,
Ukija fanya ujuzi, umebaki ufuoni,
Tusipate usingizi, na mwizi yu baharini.