Kamera nne, kumbukumbu ya siku tano

Mpango wa kamera za ulinzi nyumbani kwa kawaida huanza kwa kuhesabu kamera: moja getini, moja uani, moja kwenye maegesho, moja mlango wa nyuma. Pesa inayobaki ndiyo hununua diski. Mimi naona hesabu hiyo imeanzia mkiani. Kwanza tujiulize tunataka kurudi nyuma siku ngapi.

Chukua kamera ya megapikseli 4 inayorekodi kwa mfumo wa kubana video wa H.264, ikitoa megabiti 4 kila sekunde. Kwa saa 24 inajaza gigabaiti 43. Zikiwa nne ni gigabaiti 173 kwa siku, na diski ya terabaiti 1 inajaa kabla siku ya sita haijaisha. Hapo mashine huanza kufuta video za zamani ili iandike mpya, kimyakimya. Familia ya Dar es Salaam ikipanda Moshi Desemba kwa wiki mbili, mwizi akaruka ukuta siku ya tatu, watakaporudi watakuta video safi za ua mtupu. Inauma, maana pesa ilishatoka.

H.265 hupunguza mzigo huo hadi karibu nusu. Kurekodi pale tu kitu kinaposogea huokoa nafasi zaidi, ila kazi inahamia kwenye kompyuta inayorekodi. Kuhifadhi video jinsi ilivyotoka kwenye kamera hata kompyuta kuukuu inamudu. Kinachoielemea ni kuifungua picha moja moja kutafuta kilichosogea. Kamera nyingi hutoa pia video ya pili, ndogo. Ukichunguza ile ya pikseli 640 kwa 360 badala ya 2560 kwa 1440, pikseli za kukagua zinapungua mara 16. Fundi asiyelijua hili atamtuma mteja kununua kompyuta mpya.

Megabiti 16 za kamera nne hupita kwenye waya bila taabu, hata kwa swichi ya megabiti 100. Waifai inayopenya kuta za tofali hukatakata picha, na kupakia video zote mtandaoni kutwa kucha kunamaliza bando lolote la simu. Umeme nao ukikatika, ruta, swichi na rekoda vinazimika pamoja. Betri ya akiba ni nadra kuiona kwenye bajeti.

Ningependa mteja abakize sehemu ya malipo. Siku kumi baada ya kufungiwa kamera, amwite fundi, amwombe amwonyeshe video ya usiku wa kwanza.