Mti usioenea kwenye picha

FAMILIA inapoingia kwa mara ya kwanza katika msitu wa redwudi, kaskazini mwa California nchini Marekani, mambo huwa yale yale. Baba anatoa simu, anaielekeza juu, anarudi nyuma hatua moja, ya pili, ya tatu. Mti bado hauenei. Hatua ya nne inatua nje ya njia, na watoto wanamfuata.

Hatua hiyo ya nne ndiyo yenye madhara.

Redwudi ni miti mirefu kuliko yote duniani. Unaoshikilia rekodi, uliopewa jina la Hyperion, una urefu wa karibu mita 116, sawa na jengo la ghorofa 35 hivi. Lakini mizizi ya miti hii haiendi chini sana. Kwa kawaida huishia mita mbili hadi nne, kisha husambaa pembeni hata mita 30 na kushikana na mizizi ya miti jirani. Udongo ukikanyagwa na miguu mingi hushindiliwa, maji na hewa hupita kwa shida, na mimea midogo iliyo chini ya mti hufa.

Hayo yameukuta Hyperion. Ulitambuliwa mwaka 2006, na wasimamizi wa Hifadhi ya Taifa ya Redwood hawakutangaza mahali ulipo. Habari zilivuja mtandaoni, watu wakaanza kupenya vichakani kuutafuta ili wapige picha. Makangaga yaliyouzunguka yakatoweka kwa kukanyagwa. Mwaka 2022 eneo hilo lilifungwa, na anayekamatwa humo anaweza kutozwa faini ya hadi dola 5,000 na kufungwa hadi miezi sita. Cha kushangaza, ukisimama chini yake huuoni urefu wake, na shina lake ni jembamba kuliko la miti mingi iliyo kando ya njia za kawaida.

Kuna jambo la kuhifadhi hapa. Kati ya misitu ya asili ya redwudi iliyokuwepo kabla ya ukataji mkubwa wa mbao, imebaki takriban asilimia 5 tu.

Hata mabingwa hawakuuweza kwa picha moja

Mzazi asione aibu mti ukimshinda. Mwaka 2009, jarida la National Geographic lilichapisha picha ya mpigapicha Michael Nichols iliyoonyesha redwudi mmoja kuanzia chini hadi kileleni. Mti huo ulikuwa na urefu wa zaidi ya mita 90. Ili kuupata wote, kamera zilipandishwa na kushushwa kwa kamba, na picha 84 zikaunganishwa kuwa moja.

Kwa familia, ni rahisi zaidi kuacha kuutafuta mti mzima na kuchagua sehemu yake.

Lenzi ipi kwa picha ipi

Lenzi pana, ya milimita 16 hadi 24, au ile iliyoandikwa 0.5 kwenye simu nyingi, inafaa kupiga kuelekea juu. Mashina yataonekana yanainamiana kileleni. Hilo si kosa. Mweke mti mmoja katikati na mingine iuzunguke.

Lenzi ya kuvuta, ya milimita 70 hadi 200, au 2 na 3 kwenye simu, hufanya kazi tofauti. Ukipiga kutoka mbali ukiwa njiani, mashina huonekana yamesogeleana, na ule weupe wa anga unaoharibu picha nyingi za msituni unabaki nje.

Asubuhi ya ukungu ni bora kuliko mchana wa jua kali, kwa sababu ukungu hupunguza madoa ya mwanga na giza. Mwenye kamera aweke tundu la lenzi kwenye f/8 au f/11, ISO 100 hadi 400, na stendi ya miguu mitatu, kwa kuwa mwanga ni mdogo na shata hukaa wazi muda mrefu. Stendi isizibe njia ya wengine. Mwenye simu afute kioo cha lenzi, aguse shina kwenye skrini, kisha apunguze mwanga kidogo.

Kwa mtoto anayetembea, shata iwe angalau 1/125 ya sekunde, hata kama ISO itapanda hadi 1600. Picha yenye chengachenga kidogo ni afadhali kuliko sura iliyofifia. Akitumika kuonyesha ukubwa wa mti, asimame usawa wa shina. Akiwa karibu na kamera, yeye ndiye atakayeonekana mkubwa.

Ngozi ya mtoto nayo imo hatarini

Kubaki njiani kunamlinda mtoto pia. Katika misitu hii huota mmea wenye majani matatumatatu, ambao wenyeji huuita poison oak. Mafuta yake husababisha vipele na muwasho mkali. Aliyeugusa aoshwe mapema kwa sabuni na maji, na nguo zake zifuliwe. Wapo pia kupe, na baadhi yao hueneza ugonjwa wa Lyme. Jioni mkague mtoto nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani na kwenye nywele. Kupe aliyeng'ata achomolewe kwa kibano, taratibu, bila kumminya.

Familia inayokwenda Muir Woods, karibu na San Francisco, iweke nafasi ya maegesho kabla ya safari, kwa kuwa pale hakuna mtandao wa simu.

Ukosefu huo wa mtandao una faida yake. Mpe mtoto simu na sharti moja: picha kumi tu, na miguu yote miwili ndani ya njia. Hapo atalazimika kutazama kwanza kabla ya kubonyeza. Huenda akarudi na gamba la mti, kangaga lenye umande na viatu vya mdogo wake kando ya shina. Mkifika nyumbani, mwambieni aeleze kila picha aliipigia wapi na kwa nini aliichagua.