Unapeleka Mtoi Kwa Banda ya Mlima Kenya? Ndovu Si Kitu ya Kwanza ya Kuogopa

Unajua venye hii stori huanzaga. Ni saa sita usiku, unapitia Insta, halafu unaona msee amepost nyumba ya mbao katikati ya msitu. Nje kuna ukungu, ndani kuna moto wa kuni, na mtoi wa miaka miwili amevaa boshori anacheka na meno manne. Kabla ulale, ushatumia bae wako hiyo picha na swali moja tu: "Na sisi je?"

Na jibu ni ndio, mnaweza. Mtoi hahitaji kungoja hadi amalize shule ndio aone msitu. Lakini ukitangaza hiyo plani kwa familia, shosho atauliza kitu moja: "Na ndovu?" Swali poa, lakini ndovu anaonekana na ako na kelele. Kitu inafaa kukunyima usingizi ni ndogo na mmebeba wenyewe kwa buti ya gari: gunia la makaa.

Tulia tukueleze.

Tuseme mnaenda Sirimon

Mlima Kenya uko na mageti kadhaa, na Sirimon, upande wa kaskazini magharibi, ni moja ya zile rahisi kwa familia yenye imetoka Nai. Ni karibu kilomita 200 hadi Nanyuki. Mkishapita mji mnashika barabara ya Meru, halafu mnakata kulia kupanda mlimani. KWS wako na banda zao hapo karibu na geti, zile za kujipikia. Unabeba chakula yako, unapika mwenyewe, na jioni unasikiza msitu badala ya matatu za Rongai.

Sasa cheki namba. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Geti ya Sirimon iko karibu mita 2,650. Kila ukipanda mita 1,000, joto hushuka kama digrii sita na nusu hivi. Kwa hivyo ile baridi ya Julai yenye hukufanya ulale na soksi pale Zimmerman, ongeza digrii sita chini yake. Usiku wa anga safi huko juu, inaweza kubaki digrii chache tu kabla maji igande.

Mtu mzima atatetemeka, atalalamika, ataongeza sweta. Mtoi hana hiyo nafasi. Mwili wake ni mdogo, ngozi ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, kwa hivyo joto linamtoka haraka. Ikifika saa tatu usiku, vidole vyake ni baridi, analia, na nyinyi wawili mmechoka na safari. Hapo ndipo mmoja wenu anasema ile maneno: "Si tuingize jiko hapa ndani kidogo tu?"

Jiko lisilotoa moshi ndilo linadanganya

Wasee wengi wanajua moshi ni mbaya. Kwa hivyo wanangoja. Wanawasha jiko nje, makaa inashika, inakuwa nyekundu safi, moshi unaisha, halafu sasa wanaingiza ndani wakidhani limekuwa salama.

Hapana. Moshi ni kitu moja na sumu ni kitu ingine. Makaa ikiungua hutoa gesi inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikohozeshi mtu. Ukiivuta, inaingia kwa damu na kushikilia mahali pa oksijeni, na inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Damu inaendelea kuzunguka vizuri tu, lakini imebeba mzigo mbaya. Ubongo na moyo vinakosa hewa polepole huku wewe unadhani ni usingizi unakuchukua.

Mtoi huvuta pumzi haraka kuliko wewe, kwa hivyo kwa chumba kimoja, na saa ile ile, yeye huumia mapema.

Na kabla useme "tutafungua dirisha kidogo," sikia: hiyo haitoshi. Hata makaa yenye imeanza kuvaa jivu, yenye inakaa kama imekufa, bado inatoa hiyo gesi. Meko ya gesi pia si ya kupasha chumba joto usiku kucha. Sheria ni moja na haina ujanja: jiko la makaa halilali na watu. Linawashwa nje, linapikiwa nje, linabaki nje.

Kama banda iko na mahali pa kuwasha kuni ukutani, yenye chimni, hiyo ni tofauti, lakini usiiamini tu kwa sababu iko. Uliza mwenye kuwapokea kama chimni inafanya kazi. Ukiwasha na moshi unarudi ndani badala ya kupanda, zima. Na kabla mlale, moto uwe umekufa kabisa. Ukiwa na uwezo, nunua kile kidude kidogo cha betri kinacholia kikinusa kaboni monoksaidi. Unakiweka chumba ya kulala, na kinatosha kwa begi kuliko hata pampas.

Hapa ndipo mambo hukorogeka

Kuna shida ya pili huko juu, na hii ndio sababu tunakuandikia.

Ukivuka mita 2,500, watu wengine huanza kushikwa na ugonjwa wa mwinuko, kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi. Dalili zake kwa mtu mzima ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu, na usingizi mbaya. Mara nyingi huanza saa chache baada ya kufika, yaani usiku wa kwanza.

Sasa angalia dalili za sumu ya makaa: kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu. Na pia huanza usiku, mkishafunga milango.

Umeona hiyo noma? Ni dalili zile zile, usiku ule ule. Na mgonjwa wako ni mtu wa miaka miwili mwenye maneno yake yote ni "mamii," "maji" na "sitaki." Hawezi kukuambia kichwa kinamuuma. Yeye atalia bila sababu, atakataa chakula yenye anapenda, atatapika, ama atalegea na kulala usingizi wenye si wake. Na wewe utasema ni uchovu wa safari.

Kwa hivyo usikae kwa kitanda ukijaribu kuwa daktari. Fuata huu mpangilio:

Kwanza, kama kuna moto wowote ndani na mtoi amebadilika, tokeni nje. Wote, saa hiyo hiyo, hata kama kuna baridi. Mfunge na blanketi na mtoke. Maswali mtauliza mkiwa nje. Kama watu zaidi ya mmoja wanaumwa na kichwa, na mkitoka nje mnaanza kupata nafuu, karibu hakika ni moto. Msirudi kulala humo. Piga simu kwa askari wa geti, na mtoi aende hospitali hata kama ameanza kucheka tena, kwa sababu huko ndiko atapewa oksijeni ya kuondoa hiyo sumu kwa damu.

Pili, kama hakukuwa na moto wowote ndani, na bado mtoi anatapika, amelegea ama anapumua kwa shida, dawa ni kushuka. Mji wa Nanyuki uko karibu mita 1,900, na kuna hospitali kubwa ya rufaa ya kaunti. Usingoje asubuhi uone kama itaisha. Na usiendeshe gari peke yako msituni usiku bila kuambia askari, manake nyati na ndovu hutumia hiyo barabara pia.

Tatu, achana na ile stori ya maziwa. Mtaani watu husema mtu akishikwa na jiko anywe maziwa. Maziwa huenda tumboni, lakini hii sumu iko kwa damu. Na ukimlazimisha mtoi aliyelegea kunywa, anaweza kunyongwa na hayo maziwa.

Weka hizi namba kwa simu kabla mtoke Nai: 999 na 112 za dharura, na 1199 ya Kenya Red Cross. Netiweki huko inaweza kukuja na kuenda, kwa hivyo mkifika tu, tafuteni mahali simu inashika na mpajue.

Sasa mtoi atapata joto aje?

Joto la mtoi linatoka kwa nguo, tumbo na nyinyi wenyewe.

Mvalishe nguo nyepesi nyingi badala ya sweta moja nzito: ya ndani ya kubana kidogo, ya manyoya juu yake, halafu jaketi akitoka nje. Boshori, soksi mbili, glavu. Nguo ikilowa, toa mara moja, hata kama ni jasho tu. Mlishe vizuri jioni. Uji, viazi, kitu ya kushiba. Mwili wenye umekula ndio hutengeneza joto. Lakini anza kupika mapema: kwa huo mwinuko maji huchemka kwa karibu digrii 91 badala ya 100, kwa hivyo maharagwe yatawacheka hadi saa nne usiku. Beba githeri yenye imeshachemshwa nyumbani.

Chupa ya maji ya moto ni nzuri kwa kupasha kitanda kabla alale. Funga vizuri, ifunike na taulo, halafu itoe kabla umweke mtoi. Isiguse ngozi yake.

Kama mtoi ako na homa ya mafua, shida ya kifua au moyo, ama seli mundu, ongea na daktari kabla ulipie chochote. Na usimpandishe juu zaidi siku hiyo hiyo. Old Moses iko mita 3,300, na ni kama kilomita tisa kutoka geti. Hiyo picha inaweza kungoja akue.

Vitu vingine vya kuweka jicho

Chai moto. Kwa banda ndogo, termosi iko chini, mtoi ako chini. Weka juu, mbali na ukingo wa meza. Akiungua, mwagia maji baridi ya kawaida kwa dakika 20 huku mwili mwingine umefunikwa asishikwe na baridi. Si kolgeti, si unga, si siagi.

Mto. Mito ya mlimani inakaa kama ya kuchezea tu, lakini mtoi huzama kwa maji kidogo sana na hapigi kelele. Chagueni nani ako zamu ya mtoi, kwa jina. "Sote tunamuangalia" humaanisha hakuna anayemuangalia.

Siafu. Kabla kulala, piga tochi chini ya kitanda na kwa milango. Ukiona msafara unaingia, beba mtoi utoke, halafu uite watu wa hapo. Wao wanajua cha kufanya.

Nyani. Mlango ukibaki wazi dakika mbili, mkate umeenda. Usile nje mtoi akiwa ameshika ndizi, na takataka zote, pamoja na pampas zilizotumika, zifungwe ndani na mrudi nazo.

Na ndovu wa shosho? Wako, pamoja na nyati. Jibu lao ni rahisi: giza likiingia, kila mtu ndani. Ukilipia, uliza kama choo iko ndani ya banda ama nje.

Kabla mshike njia

Lipeni kwa eCitizen mkiwa bado na netiweki ya maana. Acheni chupa za plastiki za kutupa, zilipigwa marufuku kwa mbuga zetu tangu Juni 5, 2020. Bebeni chupa za kujaza tena. Ulizeni kama banda iko na stima, blanketi ni ngapi, na maji ya kunywa yanatoka wapi. Januari, Februari na Julai hadi Septemba kwa kawaida ni kukavu. Aprili na Novemba hiyo barabara inaweza kuwa matope na mkae mkisukuma gari. Simameni kila masaa mawili mtoi anyooshe miguu. Karatina kuna soko, mnunue viazi na karoti kwa bei yenye Nai hamtaiona.

Halafu mkifika, washeni moto wenu nje, choma hiyo nyama, mtoi aonyeshwe nyota zenye stima za mtaa humficha. Makaa ikiisha kazi, mwagieni maji na muiache huko nje.

Kama kuna mtu kwa mbogi yenu ya WhatsApp amepanga kutoka wikendi hii na familia, mtumie hii kabla hajaweka makaa kwa buti.